Gemu ya soka ambayo hugusi mpira, lakini inakupa presha ya kocha

UKIPITA jioni kwenye kibanda chochote cha gemu, mambo ni yaleyale. Benchi limejaa, pedi mbili zinagombaniwa, aliyefungwa anampisha mwenzake huku akilalamika kuwa pedi yake mbovu. Hapo ubingwa ni wa vidole. Mwenye vidole vyepesi anaweza kuchukua timu ya kawaida akampiga tano mwenye Real Madrid.

Sasa chukua gemu ya soka halafu ondoa pedi. Ondoa chenga, ondoa mashuti, ondoa na kukimbia. Unabaki wewe, orodha ya majina, namba kibao na timu inayocheza bila wewe kugusa mpira hata mara moja. Utauliza, sasa hapo raha iko wapi?

Nami niliuliza hivyohivyo siku ya kwanza nilipoiona Football Manager kwenye kompyuta ya rafiki yangu chuoni. Nilidhani anapiga hesabu za duka la mtu. Kumbe alikuwa anatafuta beki wa kushoto. Saa nane usiku nikaamka, bado anatafuta.

Gemu za soka za ajabu zipo nyingi. Rocket League iliyotoka mwaka 2015 inachezwa na magari, yanaruka na kuusukumia golini mpira mkubwa kuliko gari lenyewe. Ila hata hiyo bado ni vidole. Football Manager inataka kichwa, na ndiyo gemu iliyotoka kwenye kioo ikaingia kwenye klabu za kweli. Kuna iliowapa kazi na kuna iliowabebesha jina zito mno.

ILIANZIA CHUMBANI

Mwaka 1982 Mwingereza Kevin Toms alitoa gemu aliyoiita Football Manager na kuiuza kupitia kampuni yake ndogo. Picha zilikuwa za vijitu vya mistari tu, lakini wazo likanasa: mchezaji wa gemu anaweza kuwa kocha badala ya kuwa straika.

Miaka kumi baadaye, 1992, ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, wakaja na Championship Manager, gemu waliyoanza kuitengeneza wakiwa vijana chumbani kwao. Mechi ilikuwa maandishi tu. Unasoma kwamba winga amepiga krosi, unasoma kwamba straika ameruka, kisha unasubiri mstari unaofuata huku moyo unakwenda mbio. Mtu uliyezoea kusikiliza mechi redioni unaielewa hali hiyo.

Baadaye kampuni yao, Sports Interactive, iliachana na msambazaji wake. Jina la Championship Manager likabaki kule, wao wakaondoka na gemu yenyewe, na tangu mwaka 2004 wakaiita Football Manager.

NAMBA ZINAKOTOKA

Siri ya gemu hii ipo kwenye watu. Kila mchezaji anapewa alama kati ya 1 na 20 kwenye mambo mengi: pasi, kasi, ujasiri, hata nidhamu ya mazoezini. Alama hizo zinatolewa na watafiti zaidi ya 1,000 duniani, wengi wao mashabiki wanaozifuatilia klabu zao mechi hadi mechi, pamoja na zile za vijana ambazo televisheni haizioneshi.

Klabu zikashtuka. Mwaka 2008 Everton, ikiwa chini ya David Moyes, iliingia makubaliano na Sports Interactive ili watu wake wa usajili watumie kumbukumbu za gemu hiyo. Mwaka 2014 kampuni ya takwimu za soka ya Prozone nayo ikaziingiza kwenye mfumo wake wa kusaka wachezaji. Kitu kilichokuwa cha kupotezea muda kikawa daftari la skauti.

Lakini daftari linaandikwa na binadamu. Kwenye toleo la 2001/02 alikuwemo straika wa Kireno aliyeitwa Tó Madeira, wa timu ndogo ya Gouveia. Mashabiki walimsajili kwa bei chee, akawafungia mabao hadi wakachoka kuhesabu. Kuja kuchunguza, mchezaji huyo hayupo duniani. Alichomekwa na mtafiti wa huko Ureno. Akafutwa.

TSIGALKO, MFALME WA KWENYE GEMU

Toleo hilohilo lilikuwa na straika mwingine, na huyu alikuwa mtu kweli. Maxim Tsigalko, kinda wa Dinamo Minsk ya Belarus. Kwenye gemu alikuwa hakamatiki. Waliomsajili wanamkumbuka hadi leo kama wengine wanavyomkumbuka Ronaldo wa Brazil.

Uwanjani haikuwa hivyo. Aliichezea timu ya taifa ya Belarus mechi mbili tu, majeraha yakamwandama na akastaafu akiwa na miaka 26. Alifariki dunia Desemba 2020 akiwa na miaka 37. Mashabiki waliomlilia kwenye nchi nyingi hawakuwahi kumuona akicheza hata dakika moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia gemu hii kwa jicho jingine. Ile alama ya 20 ilikuwa maoni ya mtu kuhusu kijana wa miaka 18. Goti halikuwemo kwenye hesabu, wala hospitali.

STILL NA KIBALI KISICHOKUWEPO

Upande wa pili yupo Will Still. Alizaliwa Ubelgiji kwa wazazi wa Kiingereza na alikua akicheza Football Manager. Oktoba 2022 alikabidhiwa Reims ya Ligi Kuu ya Ufaransa baada ya kocha Óscar García kuondolewa.

Tatizo, hakuwa na leseni ya juu ya ukocha. Kila mechi aliyokaa kwenye benchi kama kocha mkuu, klabu ililipa faini ya Euro 25,000. Reims wakalipa, kwa sababu timu ilikuwa haifungwi. Mechi zake 17 za kwanza za ligi hakupoteza hata moja. Januari 29, 2023 alikwenda Paris kukutana na PSG yenye Messi, Neymar na Mbappé. Neymar akafunga, lakini dakika za nyongeza Folarin Balogun akasawazisha. Ikaisha 1-1.

Dunia nzima ikaandika kwamba kocha wa gemu ameibana PSG. Ni kichwa cha habari kitamu, ila kinamdhulumu jamaa, na mwenyewe ameshasema hadithi hiyo imekuzwa. Still alisomea soka chuoni Uingereza, akaanzia Sint-Truiden akichambua video za mechi, akapita Lierse na Beerschot kabla ya kufika Reims. Gemu ilimpa hamu. Ugali aliupata kwa kukesha na video.

Mfano mwingine ni Bromley, klabu ya London iliyokuwa daraja la tano. Msimu wa 2023/24 ilimwajiri kijana aliyekuwa mcheza Football Manager ili alisaidie benchi la ufundi kwenye uchambuzi, kazi iliyotangazwa kwa ushirikiano na watu wa gemu hiyo. Lilionekana tangazo la biashara, na kweli lilikuwa la biashara. Lakini Mei 2024 Bromley iliifunga Solihull Moors kwa penalti 4-3 pale Wembley baada ya sare ya 2-2, ikapanda Ligi Daraja la Pili kwa mara ya kwanza kwenye historia yake. Waliofunga na kuokoa ni wachezaji, tusisahau. Ila kijana naye alikuwa ndani ya jengo.

WANAJIPA MASHARTI

Raha nyingine ni namna mashabiki wanavyoitunga upya gemu hii. Wapo wanaokataa kusajili hata mchezaji mmoja, wanacheza na vijana waliowalea wenyewe. Wapo wanaochukua timu ya kijijini Ulaya na kuipandisha daraja kwa daraja hadi Ligi ya Mabingwa. Wapo wanaohamia bara hadi bara wakisaka ubingwa wa klabu wa kila mmoja. Na wapo wanaovaa suti usiku wa fainali, peke yao chumbani, mbele ya kompyuta.

Wenye gemu nao wameonja presha. Toleo la 2025 walilifuta Februari mwaka huo kwa kuwa halikufikia kiwango walichotaka. Lililofuata, lililotoka Novemba 2025, likaja na soka la wanawake kwa mara ya kwanza.

NA SISI JE?

Ligi yetu haimo kwenye zile unazoweza kuzichezesha ukinunua gemu hii. Afrika Kusini imo. Unaweza kusema ni gemu tu, tuna shida gani? Shida ipo. Kwenye gemu, na sasa kwenye ofisi nyingi za usajili Ulaya, mchezaji ambaye hakuna aliyemwandika ni kama hajazaliwa.

Beki wa kushoto anayecheza vizuri Kaitaba mvua ikinyesha, au kiungo anayekata mipira Sokoine kuanzia dakika ya kwanza hadi ya 90, nani anamwandika? Sisi waandishi tunajua kuandika aliyefunga na aliyetoa pasi ya bao. Wengine tunasema "aliupiga mwingi", tunafunga daftari, tunawahi daladala. Nami nimo. Ukiniuliza leo beki yule alishinda mipira mingapi ya juu, nitakukodolea macho.

Wakati huohuo, vijiweni kuna vijana wanaoweza kukutajia kikosi cha pili cha timu yao na kukueleza kwa nini kocha alikosea kumtoa kiungo dakika ya 60. Tunawaita wabishi. Ulaya wenzao wabishi kama wao ndio walioandika zile alama ambazo Everton walizifuata.

Kwa hiyo kama una gemu, cheza. Kama huna kompyuta, chukua daftari la mistari, nenda uwanjani, mchague mchezaji mmoja tu na umfuatilie dakika zote 90. Andika kila pasi aliyopoteza na kila mara alipochelewa kurudi kukaba. Fanya hivyo mechi kumi, kisha mpelekee daftari kocha wa timu ya mtaani kwenu uone kama atalirudisha.

Usitegemee njia nyepesi. Still aliondoka Reims, akapita Lens, akatua Southampton Mei 2025. Novemba mwaka huohuo alifukuzwa, timu ikiwa imeshinda mechi mbili tu kati ya 13 za ligi. Kwenye gemu angezima kompyuta na kurudia mechi. Southampton alipewa barua.