Mpira Unaokata Kona Mlangoni mwa Shimo

Mama mmoja wa Dzaleka alinishitakia mwanawe, naye mwenyewe kijana ameketi papo hapo. "Mwalimu, mkanye huyu mdogo wako. Fedha ya unga wa maandazi inaishia ndani ya simu." Kijana hakukana. Alijitetea kwamba mwizi ni mchezo: mpira huenda sawasawa, lakini ukibakiza shibiri mbili kulifikia shimo hukata kona. Kwa hiyo alitaka kununua mpira ulio bora zaidi, ambao mchezo huo huuza kwa fedha halisi.

Mchezo wenyewe ni gofu ya simuni. Hatua yake ya mwisho huchezwa juu ya kiwanja kidogo cha majani yaliyokatwa mafupi mno. Hapo mpira haurushwi tena, bali husukumwa kwa fimbo uviringike mpaka kwenye shimo lenye upana wa milimita 108. Kiwanja hicho aghalabu hakiko sawa. Kina miinuko midogo ambayo jicho huidharau.

Nilimwomba mama blanketi na gololi. Tuliinua upande mmoja wa meza kwa vitabu viwili, tukatandika blanketi, kisha kijana akaviringisha gololi kukatiza mteremko. Alipoisukuma kwa nguvu ilikwenda karibu sawa. Alipoisukuma polepole ilianza vizuri, halafu ilipokaribia kuchoka ikageukia bondeni kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeigusa.

Siri yote ni hiyo. Mteremko huuvuta mpira upande kwa nguvu ileile tangu mwanzo hata mwisho. Mpira uendao kasi hauoneshi sana kuvutwa huko. Ukipungua kasi, mvuto uleule huugeuza kwa wepesi. Hapana budi basi mchezaji aamue kwanza mpira utakwenda kwa kasi gani, ndipo aulize utapinda kiasi gani. Naye akidhani dawa ni kupiga kwa nguvu tu, mpira utaruka juu ya shimo na kuendelea na safari. Kijana wetu alikuwa akizitazama nukta za skrini zinazoonyesha mteremko, akisahau kasi.

Tena kila kiwanja kina wepesi wake. Mwaka 1935 Mmarekani Edward Stimpson alibuni kijiti chenye mfereji: mpira huachiwa uteremke katika mfereji huo, kisha hupimwa umbali uliokwenda juu ya majani. Baadhi ya michezo ya simu huandika kipimo cha namna hiyo pembeni mwa skrini. Hakiuzwi, na labda ndiyo sababu hakisomwi.

Mama aliuliza kama kijana angepata kuona majani yenyewe. Uwanja wa gofu upo Lilongwe, mwendo wa kilomita 45 hivi. Lakini Dzaleka, iliyokuwa gereza enzi za Rais Banda, ni kambi ya wakimbizi tangu 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mkimbizi hutakiwa kupata ruhusa ya kutoka, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kijana amecheza juu ya viwanja vya ng'ambo vilivyochorwa simuni, wala hajakanyaga hiki cha jirani.

Siku ya pili, nikiwa Lilongwe, nilisimama pembeni nikatazama. Mchezaji mmoja alichuchumaa nyuma ya mpira muda mrefu. Mchukuzi wake akamwonyesha kwa kidole mahali palipokuwa mbali na shimo kwa hatua nzima. Akausukuma huko. Mpira ulikwenda kana kwamba umepotea njia, ukalegea, ukageuka, ukatumbukia.

Jioni nilimpigia kijana simu nikamsimulia. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu ulikuwa unapanda au unashuka.