Pikapu ya dizeli: Pima trela yako kabla ya kuuliza bei

UKISIMAMA kando ya barabara kuu ya Nairobi-Nakuru Jumamosi alfajiri, utaona pikapu moja baada ya nyingine zikielekea mashambani huku zikikokota trela. Hii imebeba marobota ya nyasi kavu, ile ina tangi la maji, na nyingine ina ng'ombe wawili wa maziwa waliofungwa kamba kwenye vyuma.

Jumatatu asubuhi pikapu hizo hizo huwa zimekwama katika misongamano ya Waiyaki Way na Thika Road, nyuma tupu, ndani mtu mmoja mwenye tai anayechungulia saa. Wenyewe ni wale ambao tumezoea kuwaita 'wakulima wa simu', wafanyakazi wa mjini wanaosimamia mashamba yao kwa simu siku tano na kuyatembelea siku mbili.

Mnunuzi wa aina hii anatafuta gari lifanye kazi mbili zisizopatana. Kazi ya kwanza inahitaji gari jepesi, laini na lisilobugia mafuta. Ya pili inahitaji chesisi ngumu, injini yenye misuli na breki za kuaminika. Aghalabu yeye huanza kwa kuuliza bei na rangi, kisha baada ya miezi sita ndipo anapogundua kwamba alinunua gari la kazi moja tu.

Mahali pa kuanzia ni trela, wala si pikapu. Ng'ombe wa Friesian aliyekomaa huwa na takriban kilo 600. Wawili ni kilo 1,200. Trela ya chuma yenye ekseli mbili iliyoundwa na mafundi wa jua kali inaweza kukaribia kilo 700 ikiwa tupu. Jumla ni kilo 1,900, hata kabla ya lishe na mtu wa kuwachunga.

Maji ndiyo huwahadaa wengi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 2,000 ni tani mbili kamili. Ongeza tangi lenyewe na trela, nawe umepita tani mbili na nusu. Isitoshe, tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu maji huenda mbele na nyuma na kulisukuma gari kila linapopiga breki au kukata kona. Ama lijaze, ama lisafirishe likiwa tupu.

Sasa tazama kitabu cha gari. Dabo-kebi nyingi za siku hizi zenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, kama vile Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, hutangazwa kuwa na uwezo wa kuvuta hadi kilo 3,500. Tangazo hilo si uongo, ila ni nusu ya habari. Uwezo huo ni wa trela yenye breki zake yenyewe. Trela isiyo na breki, kiwango ambacho watengenezaji wengi huruhusu ni kilo 750 tu. Ukizikagua trela zinazopita Mai Mahiu kila wikendi, utashangaa ni chache mno zenye breki.

Nusu ya pili ya habari ni uzito wa jumla, yaani pikapu, trela na vyote vilivyomo kwa pamoja. Tuseme pikapu yako imeruhusiwa kuwa na kilo 3,000 ikiwa imejaa, na jumla ya pikapu na trela isizidi kilo 5,800. Ukishaijaza pikapu hadi mwisho, kilichobaki kwa trela ni kilo 2,800, wala si 3,500 zilizoandikwa katika tangazo. Huwezi kutumia viwango vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kuna pia uzito unaokalia tufe la chuma ambapo trela huungana na gari. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba uwe karibu asilimia kumi ya uzito wa trela. Trela ya kilo 2,000 basi hukandamiza nyuma ya pikapu kwa kilo 200, na kilo hizo huhesabiwa kama shehena. Ikiwa pikapu inabeba kilo 900, nawe umewapakia watu wazima watano wenye kilo 350, umebakiwa na kilo 350 pekee. Hiyo ni magunia saba ya kilo 50 ya chakula cha mifugo. Wengi wetu hupakia kumi na tano bila kufikiri.

Tukija kwenye injini, sababu ya dizeli kupendwa na wakokotaji ni ile nguvu ya msokoto ambayo mafundi huiita torki. Injini ya lita 2.8 ya Hilux tangu mwaka 2020, ikiwa na gia za kujibadilisha, hutoa nyutoni-mita 500 kuanzia mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Ya lita 3.0 ya D-Max ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2019 hutoa 450. Maana yake ni kwamba gari huanza kuvuta mapema, bila kulazimika kupigishwa kelele kama linalokata roho.

Ndugu zao wadogo si wa kudharauliwa. Hilux ya lita 2.4 yenye gia za kujibadilisha ina nyutoni-mita 400, na D-Max ya lita 1.9 ina 350. Kwa mtu ambaye trela yake haizidi tani moja na nusu, na ambaye siku tano kwa wiki anakwenda na kurudi kazini, injini hizi zinatosha na humpunguzia gharama. Mwenye kukokota tani mbili na zaidi kila Jumamosi, hasa kupanda milima, asijidanganye; anunue injini kubwa.

Nimetaja milima kwa sababu nchi yetu ina jambo ambalo vitabu vya magari vilivyoandikwa kwingine havilizingatii. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Timboroa umepita mita 2,700. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Pikapu kuukuu ya dizeli isiyo na turbo, ambayo huko Mombasa hukimbia bila taabu, hufika Timboroa ikiwa imepoteza robo ya nguvu. Turbo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Kwa mkulima wa Kinangop, Molo au Eldoret, turbo si anasa.

Lakini kupanda si tatizo kubwa. Gari likishindwa kupanda litasimama, nawe utapata aibu tu. Hatari iko katika kuteremka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya pikapu ya rafiki yangu tukiteremka kuelekea Mai Mahiu na trela ya mbao isiyo na breki. Alikuwa kwenye gia ya nne, mguu juu ya breki tangu tulipoanza kuteremka. Nusu ya safari harufu ya kuungua ilijaa ndani, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kanyagio linazama. Tuliokolewa na sehemu pana kando ya barabara na gia ya kwanza aliyoiingiza kwa nguvu hadi gari likalia. Breki hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimepata joto kupita kiasi, na baada ya saa nzima zilirejea kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapa dizeli ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji. Injini ya dizeli, kwa jinsi inavyovuta hewa, hailizuii gari sana unapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, tofauti na ya petroli. Ndiyo maana malori huongezewa breki maalumu ya moshi. Dereva wa pikapu hana budi kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko, na kupiga breki kwa vipindi badala ya kuziegemea. Mwenye gia za kujibadilisha naye atumie ile nafasi ya kuchagua gia kwa mkono. Kuacha mtambo uamue wenyewe hapo ni kujitakia balaa.

Ikiwa trela yako itapita kilo 750, itengenezewe breki. Kuna aina ambayo hufanya kazi yenyewe trela inapolisukuma gari kwa nyuma, na kuna ya umeme inayohitaji kidhibiti ndani ya gari. Zote zinagharimu pesa, naam, lakini gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ng'ombe wawili, sembuse watu.

Dabo-kebi kwa matumizi ya kila siku ina kero zake. Urefu wake hupita mita tano na robo, na maegesho mengi ya katikati ya jiji hayakuchorwa kwa ajili yake. Springi za vyuma vilivyopangwa kwa tabaka, ambazo huistahimili trela vyema, huruka-ruka gari likiwa tupu. Baadhi ya miundo, kama Nissan Navara dabo-kebi zilizouzwa Ulaya kuanzia miaka ya 2015 na 2016, ina springi za mviringo nyuma. Abiria hufurahi, ila nyuma huinama upesi zaidi uzito unapokalia tufe. Mimi ningechagua kuruka-ruka.

Kuhusu mafuta, injini za sasa hurusha dizeli ndani kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,600 kupitia matundu membamba mno. Tone la maji au dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo injini za zamani zenye pampu zilivumilia, huweza kuua injekta zote nne. Uchanganyaji huo ulikuwa umekithiri nchini hadi serikali ikatoza mafuta taa ada ya Sh18 kwa lita mwaka 2018 ili kuwavunja moyo wahusika. Nunua dizeli katika kituo chenye wateja wengi, badilisha filta kabla ya muda wake, na umwage maji yanayokusanyika chini yake.

Kisha kuna kichujio cha moshi, kile kinachokusanya masizi na kuyateketeza gari linapokwenda kasi kwa muda. Dizeli yenye salfa nyingi hukiharibu. Nafuu ni kwamba nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya sehemu 50 za salfa kwa milioni mnamo Januari 2015. Gari linaloishi katika msongamano tu hukiziba kichujio hicho. Hapa mkulima wa simu ana bahati: safari ya Jumamosi yenye mzigo hukisafisha. Asiyetoka mjini kabisa afikirie upya kama anahitaji dizeli.

Wanaonunua magari yaliyotumika wakumbuke kwamba sheria hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hivyo pikapu nyingi za miaka hiyo zilitoka kwingineko, hasa Thailand na Uingereza. Za Uingereza zichunguzwe chini, maana huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi nayo hula chesisi. Rangi inayong'aa juu haisemi lolote kuhusu vyuma vya chini. Na ukiona rangi nyeusi mbichi imepakwa chini yote, uliza inaficha nini.

Chuma cha kukokotea kifungwe kwa boliti kwenye chesisi, kamwe kisichomelewe kwenye bampa. Trela nayo husajiliwa kivyake na kupewa nambari inayoanza kwa herufi Z. Uliza kampuni ya bima, kwa maandishi, kama italipa iwapo trela itasababisha ajali, na uthibitishe na NTSA kwamba leseni yako inakuruhusu kuikokota.

Mzigo upangwe sehemu kubwa ikiwa mbele kidogo ya ekseli ya trela. Ukirundikwa nyuma, trela huanza kuyumba kama mkia wa mbwa. Ikitokea hivyo, usikanyage breki kwa ghafla wala usiongeze kasi. Ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani wima hadi itulie.

Kabla ya kulipa, omba kulijaribu gari likiwa na mzigo, mlimani, si kuzunguka yadi ya muuzaji. Na kabla ya hapo, ipeleke trela yako ikiwa imepakiwa kama unavyoipakia kila Jumamosi katika mizani ya ghala la nafaka lililo karibu nawe. Andika kilo zitakazosomeka pale, kisha uende nazo kwa muuzaji.