Rangi ya Jicho Ikibadilika, Usipuuze

Je, rangi ya jicho yaweza kubadilika? Swali hili huulizwa sana hapa Kuze. Jibu ni kuwa yaweza, lakini si kila badiliko ni la heri.

Duara linaloizunguka mboni hupata rangi kutokana na chembechembe ziitwazo melanini. Zikiwa nyingi, jicho huwa la kahawia au jeusi. Zikiwa chache, huwa la kijivu au buluu. Mtoto mchanga aweza kuzaliwa na macho ya rangi hafifu, kisha yakakolea polepole katika mwaka wake wa kwanza. Hilo ni jambo la kawaida.

Wazee wengi hutokewa na mzunguko wa kijivu au buluu pembeni mwa duara hilo. Haya ni mafuta yaliyojikusanya katika kioo cha mbele cha jicho, wala hayapunguzi nguvu ya kuona. Lakini ukiuona mzunguko huo kabla ya kutimiza miaka 40, nenda ukapimwe mafuta katika damu.

Dawa nazo zaweza kubadilisha rangi. Matone ya latanoprost, yanayotumiwa kutibu presha ya macho, huweza kulitia jicho weusi usioondoka. Usiyaache kwa sababu hiyo bila ya kumwona daktari, kwani presha ya macho hupofusha bila ya maumivu.

Wanaotafuta urembo nao wajihadhari. Lenzi za rangi zinazoazimwa siku ya harusi huambukiza viini na kusababisha vidonda vya jicho. Asali na maji ya ndimu hayabadilishi rangi. Huunguza na kuwasha tu.

Jambo la hatari zaidi ni mboni yenyewe kugeuka nyeupe. Kwa mtu mzima, mara nyingi huo ni mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Kwa mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 5, yaweza kuwa saratani ya jicho. Mzazi, tazama picha za mwanao zilizopigwa kwa taa ya kamera: jicho moja likionekana jekundu na la pili jeupe, usiseme ni macho ya paka. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara, wiki hiyo hiyo. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika, na mara nyingi hata jicho huokolewa. Ukichelewa, waweza kumpoteza mtoto.