Nusu ya mwendo wa harusi inapotelea wapi?

Kwenye skrini ya kompyuta, bi harusi anainua mkono kupunga, na mkono unaota meno. Kila vidole vinapotikisika, kingo zake zinachanika kuwa vijistari vyembamba kama kitana. Akitulia, picha inatulia. Mkanda huohuo ukiwekwa kwenye deki na televisheni ya chogo hauna kasoro hiyo.

Niliiona picha hiyo Magomeni, Dar es Salaam, kwa fundi anayehamisha mikanda ya VHS ya harusi, maulidi na mahafali kwenda kwenye flashi. Jina lake ameomba nisilitaje. Meno yale yalinikaa kichwani hadi nikarudi kumuuliza.

Kumbe kamera za zamani hazikuchukua fremu nzima kwa mkupuo. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliokuwa wetu, picha ina mistari 576. Kamera ilichukua mistari 288 kwa kurukaruka, kisha baada ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde ikachukua ile iliyorukwa. Kwa hiyo sekunde moja ina nusu-picha 50. Televisheni ya chogo ilizionyesha moja baada ya nyingine, na jicho likaona mwendo laini. Kompyuta inazibandika mbilimbili: mkono wa sasa juu ya mkono wa punde iliyopita.

“Mafundi wengi wakiyaona meno wanabonyeza kitufe cha kuyafuta, basi,” anasema. “Programu inatoa fremu 25 kwa sekunde. Meno hayapo, lakini nusu ya mwendo imekwenda nayo. Watu wanacheza kwa kukwamakwama, mteja anadhani mkanda umechoka.”

Yeye kila nusu-picha anaijenga kuwa fremu kamili, hivyo zinatoka 50. Lazima kwanza ajue nusu ipi ilitangulia. Akizigeuza, wacheza ngoma wanaruka mbele na nyuma. Alinionyesha ngoma moja kwa namna zote mbili, na ya fremu 50 ilinifanya nisogeze kiti.

Kazi hiyo, pamoja na kubana video inayotoka, ni nzito, ndiyo maana alijibana akanunua kadi ya michoro, GPU. Kwa prosesa peke yake, harusi ya saa tatu ilikesha mezani. Kadi iliimaliza upesi ajabu, ila kwa ukubwa uleule wa faili, shela ilijaa vimraba.

“Nilidhani nimeuziwa feki.”

Kadi haikuwa feki. Kubana video hakufanywi na yale maelfu ya viini vya GPU. Kunafanywa na kisakiti cha pembeni kilichoundwa kwa kazi hiyo tu. Nvidia walianza kukiweka mwaka 2012, Intel mwaka mmoja kabla, ndani ya prosesa zao. Kina kasi, lakini njia zake za kuchagua kipi kihifadhiwe ni chache. Programu kama x264, ikipewa muda kwenye prosesa, inajaribu njia nyingi kwa kila kipande cha picha. Kadi mpya zimepunguza sana pengo hilo.

Basi fundi amegawa kazi. Viini vya kadi vinajenga fremu na kupunguza chembechembe za mkanda, ambazo kibanaji huzidhania kuwa mwendo na kuzipotezea nafasi. Anasafisha kidogo tu. Akizidisha, maua ya shela yanafutika. Nakala za haraka anazibana kwa kadi, akipanga kiwango cha ubora na kuacha faili likue litakavyo. Nakala ya kutunzwa anaiachia prosesa, usiku. Na mkanda wa saa tatu unasomwa kwa saa tatu; hapo kadi haina msaada.

Mteja mmoja alitaka uso wa marehemu mama yake ung’ae. Programu ya akili mnemba ikauchorea kope, ambazo VHS haikuwahi kuzirekodi. Mteja alilia kwa furaha.

“Nilimpa. Lakini yule ni mama yake?”

Sikuwa na jibu.

Kila mteja anaandaliwa faili dogo la simu na lile kubwa lisilobanwa sana, ambalo kwa muundo wa DV hula gigabaiti 13 hivi kwa saa. Wengi wanachukua dogo, wanalirusha WhatsApp, ambako linabanwa tena. Makubwa yanabaki kwake, na diski zimejaa. Itabidi aanze kufuta, na bado hajaamua aanze na harusi ya nani.