Unataka kuwasha gari kwa rimoti? Mbane fundi kwa maswali haya kwanza

Gari limeegeshwa juani mjini Machakos tangu saa nne asubuhi. Kabla hujatoka dukani unabonyeza rimoti, injini inawaka, AC inaanza kazi. Ukifika, usukani hauunguzi vidole. Raha, sivyo? Ndiyo maana vijana wengi wanakitamani kifaa hiki.

Lakini ngoja kwanza. Kifaa hiki kilipata umaarufu katika nchi za baridi kali. Kule Winnipeg, Kanada, asubuhi ya Januari inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sufuri, na mtu huwasha gari mapema ili barafu iyeyuke kwenye kioo. Sisi hatuna barafu. Hata baridi ya Julai inayoshuka kutoka milima ya Iveti haihitaji injini iungurume dakika kumi bure. Injini za siku hizi hupata joto haraka ukiondoka taratibu. Kwetu hii ni starehe tu, na starehe haifai kukuachia gari lililo rahisi kuibwa.

Hapo ndipo swali la kwanza linapoingia: chipu ya ufunguo wangu utaifanyaje?

Vitz, Demio na Note nyingi tunazoendesha zilitumika Japani kwanza, na funguo za magari mengi ya aina hiyo zina chipu ndogo ndani. Kompyuta ya gari isipoisoma, injini haiwaki, hata mwizi aunganishe waya vipi. Sasa, ukiwasha kwa rimoti hakuna ufunguo kwenye swichi. Fundi wa njia ya mkato atachukua chipu ya ufunguo wako wa akiba na kuificha chini ya dashibodi. Gari litawaka, ndiyo, lakini kinga yako imekwisha. Atakayevunja kioo na kulazimisha swichi atakuta chipu inamngoja.

Njia nzuri ni kutumia moduli inayolingana na modeli na mwaka wa gari lako, inayotoa ruhusa pale tu rimoti inapobonyezwa. Kwa hivyo muulize waziwazi: chipu itasomeka ninapowasha kwa rimoti pekee, ama saa zote?

Gari langu ni la gia za mkono. Bado utanifungia? Akijibu "hakuna shida" bila kufikiri, shika njia. Huku kwetu kwenye miteremko, wengi huegesha gari likiwa ndani ya gia na jiwe nyuma ya gurudumu. Stata ikizungusha injini gari likiwa kwenye gia, linaruka, na aliye mbele yake hana habari. Kifaa hiki kinafaa zaidi gari la otomatiki, ambalo likifungwa vizuri litakataa kuwaka kama gia haiko kwenye P.

Utaunganisha vizuizi vyote? Kimoja ni swichi ya boneti: ikiwa wazi, injini isiwake, maana huenda mtu ana mikono karibu na feni. Cha pili ni cha breki: asiye na ufunguo akikanyaga breki ili aondoe gari, injini izimike. Cha tatu ni muda: injini ijizime yenyewe baada ya dakika 10 ama 15 ukisahau. Waya hizi mafundi wengine huziacha zikining'inia ili kazi iishe haraka.

Waya utaziunganishaje? Waya za swichi ya kuwashia hubeba umeme mwingi. Kuzisokota na kuzifunga tepu tu ni kualika moto chini ya dashibodi. Tafuta seti yenye plagi za gari lako, ama fundi anayechomelea viungo na kuweka fyuzi ya kiwango sahihi. Kabla ya hayo yote, kagua gari vizuri: baadhi ya magari kutoka Japani huja na kifaa cha kuwasha kwa rimoti tayari, na kuweka cha pili juu yake ni kutafuta balaa.

Na ukishafungiwa, usiwashe gari likiwa ndani ya gereji iliyofungwa ama maegesho ya chini ya ghorofa. Moshi wa eksozi una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua. Pia wajulishe watu wa bima kwamba umebadilisha mfumo wa kuwashia, usije ukabishana nao siku ya kudai fidia.

Mwisho, usilipe salio kabla ya kujaribu. Fungua boneti, bonyeza rimoti: lisiwake. Funga boneti, liwashe kwa rimoti, kisha kanyaga breki bila ufunguo: lizimike. Halafu mwombe fundi nakala ya ufunguo isiyo na chipu, jaribu kuwasha nayo. Likiwaka, kazi bado haijaisha.