Madaraka Yasiyo na Mfuko

Mwananchi wa Pongwe anunuapo umeme, kodi ya jengo lake hukatwa papo hapo, kabla taa haijawaka. Kulipa kodi si jambo la kunung'unikia: nchi haijengwi kwa maneno, na tangu utoto tulifundishwa kumpa Kaisari vilivyo vyake. Walakini mtaro wa mbele ya nyumba yake ukiziba, mwananchi huyo haendi Hazina. Humwendea mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akamwendea diwani, na diwani akalipeleka neno hilo katika Baraza la Jiji la Tanga. Basi yafaa tujiulize: je, anayedaiwa kazi ndiye aliyeshika mfuko?

Tanzania si shirikisho la majimbo. Ni Muungano wenye Serikali mbili, na halmashauri zetu za Bara zimewekwa na sheria za nchi. Hata hivyo Katiba, katika ibara za 145 na 146, imetamka kwamba Serikali za Mitaa zipo ili madaraka yawafikie wananchi. Ahadi hiyo ni kubwa, na ahadi ni deni.

Tutazame jiwe la chokaa la Pongwe, ambalo kwalo saruji hutengenezwa. Saruji ikiuzwa, kodi ya ongezeko la thamani huenda Serikali Kuu, na mrabaha wa madini kadhalika. Halmashauri, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, hupata ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo mno ya mauzo. Kwa upande wa pili, mshahara wa mwalimu na wa muuguzi hutoka Hazina. Wala si dhuluma kwamba Serikali Kuu hukusanya kilicho kingi. Tanga ina bandari na viwanda, na zipo wilaya zisizo na kimoja wala kingine, nazo watoto wao wana haki ya kusoma. Mgawanyaji mkuu sharti awepo. Shaka yetu ni pale mgawanyaji anapoyashika yote, na mwenye kazi akabaki kungoja.

Jambo hili tumekwisha kulijaribu. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na mabaraza ya miji yakafuata. Nia ilikuwa njema, bali matokeo yalikuwa kwamba maofisa walisogea karibu na mwananchi, na sauti yake ikasogea mbali. Miji ilichakaa hata mabaraza yake yakarudishwa mwaka 1978. Sheria mpya zikapitishwa mwaka 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Kiongozi anayekiri kosa hutuachia mali; sisi tusiitupe.

Lakini tangu hapo mfuko umepunguzwa mara kwa mara. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wanyonge wakapumua kwa haki. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukapewa Mamlaka ya Mapato, na mwaka 2021 ukaingizwa katika umeme. Kila hatua ilikuwa na hoja yake. Zikijumlishwa, halmashauri imezidi kuwa mtu wa kupewa. Nasi watu wa pwani twajua kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Avukaye mpaka wa Horohoro huingia Kaunti ya Kwale. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezihakikishia kaunti 47 fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hatusemi tuige kila kitu. Magavana wa huko nao wamelia mara nyingi kwamba fedha huchelewa. Walakini anayecheleweshewa haki iliyoandikwa ana neno la kudai, na anayengoja hisani hana.

Wala madiwani wetu wasidhani kwamba lawama yote ni ya Dodoma. Mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyo fedha ya halmashauri zenyewe, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya usimamizi mbaya, ikarejeshwa mwaka 2024. Asiyetunza kidogo atadaije kikubwa? Mwaka huo huo wa 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, na watu wakanunua. Wamekubali kukopesha taasisi ya Tanga kwa kuwa waliiamini.

Basi twaomba mambo mawili. Serikali Kuu isiondoe chanzo cha mapato cha halmashauri pasipo kuweka kingine mahali pake. Na kila halmashauri ibandike hesabu zake ofisini mwa kata, kwa Kiswahili chepesi, ili mwananchi wa Pongwe ajue shilingi yake imezibua mtaro upi. Asipojua hayo, madaraka aliyoahidiwa atayaona katika Katiba tu.