Utangulizi: Anzia Nyuma

Land Cruiser hupitisha miezi kwenye barabara ya vumbi kati ya Ngorongoro na Serengeti, ikisagwa na yale mawimbi ya mfululizo yanayotetemesha mpaka meno. Siku moja inaingia lami, na dereva anaona usukani umekaa upande ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Mwenye gari hukimbilia matairi ya mbele. Anapigiwa alaimenti, analipa, anaondoka. Muda si mrefu matairi yanaanza tena kulika upande mmoja. Kurasa hizi nimemwandikia mtu huyo, hasa kama ameamua kulifungua gari mwenyewe uani kwake akiwa na jeki, spana na muda wa kutosha. Hesabu utakazohitaji ni za shule ya msingi. Kabla ya yote, naomba ukubali jambo moja: kazi inaanzia nyuma.

Gari hufuata linakosukumwa, na ekseli ya nyuma ndiyo inayosukuma. Ikikaa mshazari, gari zima hutaka kwenda mshazari, na dereva hulirekebisha kwa kukata usukani kidogo bila kujijua. Tuchukulie umbali kati ya springi mbili za nyuma ni mita moja, na upande wa kushoto umeteleza kurudi nyuma sentimita moja tu. Kwa kila mita 100 gari likiachiwa lingehama mita moja pembeni. Sentimita moja haionekani kwa jicho, hasa chini ya gari lililojaa matope.

Inatelezaje? Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, uliozinduliwa mwaka 1984, zile zenye springi za mabapa nyuma hazina kifaa kingine cha kuishika ekseli isipokuwa springi hizohizo. Jicho la mbele la springi limefungwa kwenye chasisi, la nyuma linaning'inia kwenye shakeli ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapobonyea. Katikati pana senta bolti, na wengi hudhani hiyo ndiyo inayoishikilia ekseli. Sivyo. Senta bolti hubana mabapa yasiachane, na kichwa chake huketi kwenye tundu la kikalio cha ekseli kuonyesha mahali pa kukaa. Kinachozuia ekseli isihame ni msuguano, na msuguano huletwa na yu-bolti zinazobana springi na ekseli pamoja. Zikilegea, kila breki na kila shimo linaigonga senta bolti kwa ubavu mpaka inakatika. Ndiyo maana kubadilisha senta bolti iliyokatika na kuzirudisha yu-bolti zilezile za zamani, zilizokwisha kuvutika, ni kupanga tarehe ya kuikata nyingine.

Upimaji wa ekseli iliyohama ni wa zamani na vifaa vyake vinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi: uzi, chaki, futi ya chuma na timazi. Egesha gari mahali tambarare. Tafuta tundu la chasisi upande wa kushoto na pacha wake wa kulia, halafu fanya hivyo mbele na nyuma. Teremsha timazi kutoka kila tundu, uweke alama ya chaki sakafuni. Rudia kwa bolti za macho ya mbele ya springi na kwa ncha mbili za ekseli. Sasa lisogeze gari. Sakafuni pamebaki ramani yake. Pima mishazari: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Mishazari ya chasisi ikilingana, chasisi ni nzima. Ya ekseli, kutoka bolti za macho ya mbele hadi ncha zake, ikitofautiana, umeshamjua mkosaji. Napenda njia hii kuliko mashine kwa sababu inamwonyesha mwanafunzi kosa liko wapi, badala ya kumwambia tu kwamba lipo.

Wenye Land Cruiser 79 ya V8, iliyoanza kutoka mwaka 2007, wasishtuke wakivuta uzi ubavuni mwa matairi. Magurudumu ya nyuma ya gari hilo yamekaribiana kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 9, na ndivyo lilivyotoka kiwandani.

Kurudisha ekseli kunataka utaratibu. Gari liwe juu ya stendi imara chini ya chasisi, kamwe si jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yawekewe vigingi. Ekseli ibebwe na jeki ya pili, uipandishe polepole huku ukiisukuma kwa mtaimbo mpaka kichwa cha senta bolti kikabili tundu. Usitie kidole kuhakikisha kama matundu yamekutana. Tumia bisibisi au chuma chembamba. Kikalio kifutwe kutu na mchanga kwanza, maana punje chache za changarawe zinatosha kukiweka kichwa upande. Yu-bolti zikazwe kwa zamu, kwa mshazari, kidogokidogo, ili nyuzi zinazochomoza chini ya nati zilingane pande zote.

Bushi za macho ya springi ndizo zinazowaponza wengi. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti yake, ikishabanwa, hujisokota. Ukiikaza wakati ekseli inaning'inia, umeifundisha kwamba hapo ndipo nyumbani, na ukishusha gari itabaki imejisokota saa zote mpaka ichanike. Kwa hiyo bolti za macho na za shakeli ziingizwe na kushikwa tu. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, litikise mara kadhaa litulie, ndipo ukaze.

Mbele mambo ni mafupi zaidi. Kanuni ya magurudumu kukata kona kwa pembe tofauti ni kongwe kuliko injini ya petroli: Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, aliibuni, na Rudolph Ackermann, wakala wake London, aliiandikishia hataza mwaka 1818. Sifa zikamwendea wakala. Kwenye ekseli nzima ya mbele, kwa kawaida unachoweza kurekebisha uani ni kubana au kutanua magurudumu kwa kuzungusha tairodi. Mlalo wa mhimili wa kukatia kona, ambao mafundi huuita kasta, umekwisha kuamuliwa na chuma chenyewe. Ukiinua kwa springi ndefu gari lenye koili springi mbele, kasta hupungua na usukani huwa mvivu kurudi. Na rodi ya Panhard, inayoizuia ekseli isihame kushoto au kulia, huivuta pembeni kidogo. Anayeuza springi ndefu mara chache hulitaja hilo.

Ukikuta mishazari ya chasisi yenyewe hailingani, weka spana chini. Chasisi iliyopinda inahitaji mashine ya kuvutia na fundi aliyeizoea. Hakuna unachoweza kukaza kikaificha. Lakini kama ni ekseli tu iliyohama, kazi hiyo unaiweza. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, ingia tena chini ya gari uzikaze yu-bolti upya.